Mwaka Mmoja Katika Nyumba ya Safu, Luchelele

Nyumba tuliyoinunua ni ya pili katika safu ya nyumba nne zilizounganishwa ukuta kwa ukuta huko Luchelele, kusini mwa Jiji la Mwanza, na kwa kuwa tumekwisha kuishi humo masika moja na vuli moja, naona sasa naweza kuisema kwa haki. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na uga mdogo wa nyuma unaotosha kamba ya nguo na miche michache ya mipapai. Tulitafuta utulivu kwa ajili ya watoto na mama mkwe, na utulivu tumeupata: usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa hutanda ziwani, na kelele pekee ni mawimbi na mbwa wa jirani.

Kasoro kubwa iko mahali ambapo mnunuzi hatazami. Ukuta unaotutenganisha na jirani ulijengwa kwa bloku hadi usawa wa dari tu, na juu ya jipsamu kukaachwa uwazi mmoja unaopita nyumba zote nne chini ya bati, kiasi kwamba tulikuwa tukisikia redio ya nyumba ya tatu na kujua siku wanayokaanga sangara. Adha hiyo ni ndogo ukilinganisha na hatari ya moto, ambao ungepita katika uwazi huo kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho kabla ya mtu kutafuta ndoo. Tuligawana gharama na jirani na fundi akapandisha ukuta hadi kwenye bati. Anayekwenda kutazama nyumba ya aina hii aombe ngazi na tochi, apande darini, hata kama dalali atamwona mtu wa ajabu.

Jambo la pili ni shimo la maji taka. Mwanza ni mji wa miamba, na kuchimba shimo huko ni kazi ya nyundo na patasi, kwa hiyo mjenzi alichimba moja tu upande wa chini wa kiwanja na kuelekeza humo mabomba ya nyumba zote. Linatosha, ila hakuna aliyekuwa ameandika popote nani atalipia gari la kunyonya litakapojaa. Lilijaa mwezi wa nne wa kukaa kwetu, mvua ikinyesha, na mazungumzo ya malipo yalifanyikia nje, chini ya miavuli.

Kuhusu ziwa lenyewe sina lalamiko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, nasi tulipima kwa kamba kabla ya kutoa shilingi. Mzee mmoja wa mtaa alituonyesha jiwe ambalo maji yalilifikia mwaka 2020, ziwa lilipofurika. Liko mbali na uga wetu na chini yake sana.

Hati ndiyo iliyotuchosha. Dalali, kijana mchangamfu na mwepesi wa kupokea simu, alitaka tusaini mkataba wa mauziano siku hiyo hiyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wakili wetu alifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi akakuta hati haina deni, lakini ni hati moja ya kiwanja kizima kwa jina la muuzaji. Tangu mwaka 2008 ipo sheria inayoruhusu jengo kugawanywa katika sehemu, kila sehemu na hati yake, huku njia, shimo na vinginevyo vya pamoja vikibaki mali ya wenye nyumba wote. Tulizuia sehemu ya tano ya bei hadi hati yetu itoke, na hadi leo hatujailipa. Dada yangu, aliyenunua nyumba ya safu katika kijiji kilicho nyuma ya matuta ya mchanga ya pwani ya Uholanzi, alishangaa kusikia haya: kule mnunuzi wa nyumba ya kuishi akishapokea nakala ya mkataba uliosainiwa hupewa siku tatu za kujitoa bila kutoa sababu, na umiliki hauhami ila kwa mkono wa mthibitishaji wa serikali. Sisi siku zetu tatu tulijitengenezea wenyewe, kwa kumwambia dalali kwamba shangazi hajafika kutoka Sengerema.

Nyumba ya nne bado inauzwa. Ndiyo yenye upepo mzuri kuliko zote, na ndiyo iliyo karibu na shimo. Mimi nisingeichukua mpaka ukuta wa darini uzibwe na makubaliano ya shimo yaandikwe katika mkataba wenyewe.