Tathmini ya PTSD ya VA: kanuni nzuri, utekelezaji wa bahati nasibu

Mwanajeshi wa zamani wa Marekani akidai fidia ya PTSD (maradhi ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha), VA, yaani idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani, humpangia tathmini ya kisaikolojia iitwayo kwa kifupi C&P. Waafrika Mashariki waliohudumu katika jeshi hilo hupita mlango huohuo, na wengi huingia wakidhani wanakwenda kutibiwa. Sivyo. Anayekupima si tabibu wako, wala si yeye anayetoa fidia. Anajaza DBQ, fomu ya maswali kuhusu ulemavu, na kuirudisha VA, kisha afisa ambaye hutamwona kamwe ndiye anayepanga asilimia: 0, 10, 30, 50, 70 au 100.

Ndani ya DBQ mna swali moja zito. Lina majibu saba, kuanzia "hana ugonjwa" mpaka "hawezi kabisa kazi wala kuishi na watu", na mpimaji anatia alama kwenye jibu moja tu. Swali hilo haliulizi uliona nini vitani. Linauliza kazi na mahusiano yako yameharibika kiasi gani.

Hapa ndipo watu huteleza. Muda karibu wote unaishia kwenye simulizi ya shambulio, ilhali tukio limeshaandikwa katika fomu 21-0781. Na tangu 2010, aliyeishi kwa hofu ya adui au magaidi hatakiwi kuleta ushahidi wa mapigano. Maelezo yake yanatosha ikiwa yanaendana na mahali alipohudumu, na mwanasaikolojia au daktari wa akili wa VA, au aliyepewa mkataba nayo, ayathibitishe. Barua ya daktari wa nje haitoshi kwa hatua hiyo.

Kwa hiyo zungumzia maisha ya sasa, tena kwa idadi. "Nina hofu sana" haina pa kuandikwa. "Hofu ya ghafla hunishika mara tatu kwa wiki, nimeacha kwenda dukani mchana" inaingia moja kwa moja, kwa sababu kigezo cha 50% kinataja hofu ya namna hiyo inayozidi mara moja kwa wiki. Mawazo ya kujiua nayo yasifichwe: yamo katika kigezo cha 70%, na ukizidiwa piga 988, simu ya dharura ya Marekani kwa wenye mawazo hayo, kisha bonyeza 1, usingoje miadi. Sisi Waafrika Mashariki tuna mtego wa ziada. Tumelelewa kujibu "salama" hata nyumba ikiwaka, na "namshukuru Mungu, naendelea vizuri" ya mlangoni inaweza kukutwa kwenye ripoti kama maelezo ya hali yako. Mke au ndugu anayeona unavyolala aandike anayoyaona kwenye fomu 21-10210, nayo itangulie kabla ya siku ya miadi.

Kanuni zenyewe tunazipa nne kati ya tano. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, faida ya shaka anapewa mdai. Mpimaji akishindwa kutenganisha dalili za maradhi mawili, zote huhesabiwa kuwa zimetokana na utumishi jeshini. Hilo limesimama tangu kesi ya Mittleider ya 1998. Ukidai PTSD ukakutwa na sonona, dai halifi kwa sababu hiyo tu.

Utekelezaji tunaupa mbili, tukijikaza. CAPS-5, usaili unaoheshimiwa kuliko wote, huchukua dakika 45 hadi 60 peke yake, lakini mpimaji halazimiki kuutumia. Wengine hutegemea dodoso la PCL-5: maswali 20, kila moja 0 hadi 4. Alama 31 hadi 33 huashiria tatizo ila hazitoshi kutoa jibu la ugonjwa, na anayejaza nne kila mahali apate 80 huzua shaka badala ya huruma.

Andika saa ya kuanza na ya kumaliza. Ikiwa mpimaji hakufungua jalada lako au alikukatiza, lalamika kabla uamuzi haujatoka. Nakala ya ripoti iombe kwa fomu 20-10206. Ukikataliwa una mwaka mmoja na njia tatu: ushahidi mpya unapelekwa kwa dai la nyongeza, mapitio ya ngazi ya juu hayapokei ushahidi mpya, lakini yanaweza kuagiza tathmini nyingine ikiwa ya kwanza ilikuwa na kasoro, ya tatu ni Bodi ya Rufaa, ambayo ina foleni ndefu.

Kuhusu "washauri" wanaotaka sehemu ya fidia: kisheria hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa dai la kwanza. DAV na VFW, vyama vya wanajeshi wa zamani, wanafanya kazi hiyo bure.