TAHADHARI: Paipu za siti za "titaniamu" za 180,000 ni aluminiamu, yangu imekatika nikiwa juu yake

Wadau wa baiskeli za milimani, hasa mlioko Arusha na Moshi, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayedai yuko Kariakoo. Anatangaza paipu za siti (zile zinazoishikilia siti juu ya fremu) za titaniamu, saizi 27.2 (kipenyo kwa milimita), urefu sentimita 35, uzito gramu 190, kwa shilingi 180,000. Nilinunua moja. Wiki ya tano ilikatika kwenye mteremko wa msitu wa Olmotonyi.

Najua kuna watakaosema tamaa imeniponza. Sawa, lakini haikuwa tamaa ya kung'ara. Baiskeli yangu ni fremu ya chuma isiyo na shoku ya nyuma, na kiuno changu kimeshavuka miaka arobaini. Kwenye baiskeli ya namna hiyo paipu nyembamba ya titaniamu inanesa kidogo ukipita juu ya mizizi, na ukishuka baada ya saa tatu unausikia mgongo umekushukuru. Mwenzangu mmoja anayo ya kweli, niliwahi kuiazima, ndiyo iliyonitia wazimu. (Wenye fremu za paipu nene za 31.6, au zenye shoku ya nyuma, tofauti mtakayoisikia ni ndogo mno. Hela hiyo nunueni tairi.)

Na sikununua kipofu. Niliomba ushahidi, jamaa akanirushia video: anagusisha sumaku kwenye paipu, sumaku inadondoka. "Umeona bosi? Ingekuwa chuma ingenasa." Nikaridhika, nikalipa kwa simu, mzigo ukaja kwa basi umeviringishwa gazeti.

Hapo ndipo penye mtego wenyewe. Sumaku hainasi kwenye titaniamu, ni kweli. Lakini hainasi kwenye aluminiamu pia. Jaribu kwenye sufuria yako. Video ile inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba hujauziwa chuma cha kawaida, na hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Dalili ya pili niliiona siku hiyohiyo nikaifumbia macho. Mzani wa jikoni ulisoma gramu 268. Nilipomwuliza alijibu, "Kaka, mizani za jikoni hazipimi vitu vya teknolojia." Nilicheka, nikafunga paipu. Nacheka hadi leo, ila kwa mdomo mmoja.

Ilikatika usawa wa klampu ya fremu (kibano kinachoikaza paipu), ingawa nilikuwa nimeizamisha ndani sentimita 12, zaidi ya alama yake ya kima cha chini. Haikupinda kwanza wala haikulia. Siti iliondoka, nami nikaangukia baiskeli, na kile kipande kilichobaki kimesimama kwenye fremu kilikuwa na makali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Paja lilishonwa nyuzi sita. Ingekuwa sentimita chache kushoto, nisingekuwa na hamu ya kuandika chochote.

Nilipopata nafuu nilitaka kujua nimekalia nini. Kupima ni rahisi kuliko nilivyodhani, na unaweza kufanya kabla hujaipanda. Nilikata dumu la lita tano shingo, nikalijaza maji nusu, nikaliweka juu ya mzani na kuurudisha kwenye sifuri. Kisha nikakifunga kile kipande kwa uzi na kukining'iniza ndani ya maji, kizame chote bila kugusa chini wala pembeni, na nikakitikisa mapovu yatoke. Namba inayojitokeza kwenye mzani ndiyo ujazo wake kwa mililita. Kipande kikavu kilikuwa gramu 94, mzani ukasoma 35. Gawanya 94 kwa 35: gramu 2.7 hivi kwa kila mililita, na hiyo ndiyo aluminiamu. Titaniamu ni kama 4.5, kwa hiyo mzani ungesoma 21 tu. Kama paipu yako ni nzima, toa boliti na vibano vya siti kwanza, maana hivyo huwa vya metali nyingine na vitakuharibia hesabu.

Fundi wetu wa kuchomelea hakuamini mambo ya dumu, akakigusisha kwenye grenda. Titaniamu hutoa cheche nyeupe kali. Hiki hakikutoa hata moja, kikabaki kuziba jiwe la grenda tu. Na pale kibano kilipokuwa kimekwaruza, rangi ya kijivu ilibanduka kama ganda la kitunguu, ndani kukawa kweupe.

Mtu asinielewe vibaya. Aluminiamu yenyewe haina kosa, sasa hivi natumia paipu ya aluminiamu nzito ya elfu arobaini na inanibeba vizuri. Wala tatizo si kwamba ni mali ya China. Mji wa Baoji kule China unajulikana kwa titaniamu, na zipo paipu halali zinazotoka huko kwa bei ya chini kuliko za kampuni za Moots au Lynskey za Marekani. Tatizo ni mtu kuchukua paipu ya bei rahisi, kuipaka rangi, na kukuambia uikalie kwenye mteremko wa mawe.

Muuzaji kwanza alisema nimekaza klampu kupita kiasi. Nilipomtumia picha ya dumu na mzani alinifungia nisiweze kumtumia ujumbe tena. Hela haijarudi. Namba yake nimeiripoti kupitia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na risiti ya malipo pamoja na mazungumzo yote nimeyatunza.

Juzi rafiki kanitumia ukurasa mpya wenye jina jingine. Bei imeshuka hadi 165,000, lakini picha ni ileile: paipu juu ya mzani unaosoma 190, kitambaa cha meza chenye maua mekundu, na kidole gumba chenye plasta pembeni. Mkikiona hicho kidole, piteni. Vipande vyangu viwili viko kwa fundi, anayetaka kuvishika kwa mkono wake aniandikie nimwelekeze.