Nililipia meza, wakanifunika kwa kitenge

Wasanii wenzangu mnaoniuliza kama inafaa kukodi meza kwenye lile tamasha la filamu za kutisha hapa Mbeya: msiende. Au ngojeni kwanza niwaeleze yaliyonikuta.

Mimi nachora kwenye viroba vya unga. Wazo si langu. Ghana miaka ya 1980 walichora mabango ya filamu za video kwenye mifuko ya unga, na mengine yanatisha kuliko filamu zenyewe. Vyangu navikusanya Mwanjelwa, nafua, naanika, ndipo napaka rangi. Kazi kubwa niliyopeleka ilikuwa joka la Ziwa Ngosi kama bibi alivyonisimulia: kichwa juu ya maji ya kijani, uso wa binadamu, na mdomoni limeng'ata kandambili ya mtoto.

Sijamaliza hata kupanga kadi zangu ndogo, akaja kijana mmoja mratibu, kitambulisho shingoni, kitenge mkononi.

"Braza, hiyo ifunike. Mama mwenye ukumbi hataki mambo ya uchawi humu."

Nikajua ananitania. Mlangoni palepale wameweka sanamu la plastiki, tumbo limepasuliwa, utumbo wa mpira umemwagika hadi sakafuni, na watu wanapiga nalo picha. Nikamwonyesha.

"Lile la filamu tu. Hili lako la kweli."

Mdogo wangu, la kweli umeliona wapi? Kimya. Akakibana kitenge mwenyewe kwa vibanio vya nguo, halafu akawageukia wanafunzi wa chuo waliokuwa wanasogea mezani kwangu: "Msikae sana hapo, huyu bwana ana mambo yake."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Huku kwetu watu wameuawa kwa kushukiwa tu, wewe unamsema mtu hivyo mbele ya umati? Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtuhumu mwenzako ni kosa. Na kama tatizo ni kuchora viumbe vya ajabu, marehemu George Lilanga alichora mashetani miaka na miaka, Wazungu wakayanunua wakatundika sebuleni, sijasikia aliyemwita mchungaji. Tamasha la kutisha linaogopa picha! Si bora wangeonyesha katuni?

Meza yenyewe ilikuwa inayumba, nikaiwekea boksi lililokunjwa. Risiti sijapewa hadi leo. Chai ya tangawizi ilikuwa nzuri, sitawanyima haki yao.

Sasa kitenge kikafanya kazi ambayo hakikutumwa. Binti mmoja akainua pembe achungulie, akapiga yowe hadi walioko ndani kwenye filamu wakatoka kuuliza kuna nini. Baada ya hapo ni foleni. Mtu anafunua, anaruka, anamwita rafiki yake naye afunue. Kadi zikaisha. Joka likachukuliwa na mwalimu mmoja wa Tukuyu, alilipa kwa simu bila kuomba apunguziwe hata mia, akaniambia bibi yake naye alikuwa na joka lake, ila la kwao lilikuwa na pembe. Tuliongea mpaka taa zikaanza kuzimwa.

Kwa hiyo labda nimewaonea. Mashabiki wa filamu hizi wanajua kuangalia picha, wanauliza rangi gani, brashi gani, na wananunua. Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Halafu yule kijana akarudi wakati nafungasha, anacheka: "Umeona braza nilivyokutangaza? Nitoe basi hata ya soda."

Nyota moja. Hiyo moja ni ya mwalimu.

Ukiamua kwenda, dai waandike kabisa kwamba kazi yako haifunikwi, na risiti uishike mkononi kabla hujashusha mzigo kwenye bajaji. Mimi wakiniita tena sijui. Wateja wale nawataka. Ila kijana akinisogelea na habari za soda, sitamjibu kwa upole kama siku ile.