Kompyuta ya bei nafuu isiyo na kadi ya grafiki: ipi ununue, na RAM gani

Ukiingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kompyuta ya bei nafuu, utaulizwa kwanza: unataka prosesa ya i5 au i7? Mimi ningeanza kwa kuuliza vijiti vya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, viko vingapi. Kompyuta nyingi za bei hiyo hazina kadi ya grafiki. Picha huchorwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, nayo haina kumbukumbu yake yenyewe, hutumia RAM ya kompyuta. Kijiti kimoja cha RAM ya DDR4-3200 (DDR4 ni aina ya RAM, 3200 ni kasi yake) hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vikiwa viwili hupitisha 51.2. Kwenye michezo, tofauti hiyo mara nyingi huongeza kasi kwa theluthi moja au zaidi, na prosesa ni ileile. Ndiyo maana vijiti viwili vya gigabaiti 8 naviweka mbele ya kimoja cha 16, kila mara.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani yenye Ryzen 5 5600G. Ilitoka 2021, ina viini 6 na grafiki ya Vega, na inatumia DDR4. GTA V na Valorant zinachezeka vizuri ukishusha ubora wa picha. Soma herufi ya mwisho kwa makini: Ryzen 5 5600 bila G haina grafiki kabisa, na prosesa za Intel zenye F, kama i5-12400F, ni vivyo hivyo. Ukinunua hizo bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Bodi ikiwa na nafasi nne za RAM, kwa kawaida zako mbili ziingie ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ryzen 5 8600G ya 2024 ina nguvu zaidi, lakini inadai RAM mpya ya DDR5 na bodi mpya, na hapo bajeti ndogo inakwisha.

Ya pili ni laptopu ya Intel kizazi cha 11, mfano i5-1135G7, yenye grafiki ya Iris Xe. Hii inafungua video za AV1 (mfumo mpya wa kubana video) bila kuichosha prosesa, jambo linalosaidia sana kwa mtazamaji wa YouTube. Ina siri moja: ikiwa na RAM moja tu, Windows huiita UHD Graphics, na jina la Iris Xe halionekani. Ukiona hivyo usidhani umeuziwa prosesa bandia; angalia kama kuna nafasi ya kuongeza RAM. Kama RAM imechomelewa kwenye bodi na hakuna nafasi, achana nayo.

Ya tatu ni laptopu za ofisini zenye Ryzen, kama EliteBook 845 G7. Grafiki yake ni nzuri, ila hujitengea sehemu ya RAM, wakati mwingine hata gigabaiti 2. Kwa hiyo 8 haitoshi, chukua 16.

Ya nne ndiyo ningemnunulia mwanafunzi wa chuo: Intel kizazi cha 8, EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480. Grafiki yake, UHD 620, si ya michezo mikubwa, lakini kwa kuandika, hesabu za Excel na mikutano ya video inatosha. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM, na Windows 11 inazikubali. RAM si lazima zilingane: ukiwa na 4, ukaongeza 8, gigabaiti nane za kwanza zitafanya kazi kwa pamoja na nne zilizobaki peke yake.

Intel kizazi cha 4 hadi cha 6, usinunue kwa ajili ya Windows. Windows 10 ilifikia mwisho wake Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi. Kwa Linux, sawa.

Kuna wauzaji wanaoongeza kadi ya GT 1030 kwenye kompyuta kuukuu na kupandisha bei. Uliza kumbukumbu ya kadi hiyo ni ya GDDR5 au DDR4. Ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya DDR4 ni 16.8 tu, chini hata ya ile RAM moja niliyoitaja mwanzo.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Ni afadhali basi kununua mashine ambayo tayari ina RAM mbili kuliko kupanga kuongeza baadaye. Kabla ya kulipa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Ikiandika “Slots used: 1 of 2”, mwambie muuzaji aweke ya pili au apunguze bei.