Piazzolla wa Quinteto au Piazzolla wa Kremer?

Jamani kama unataka kumsikiliza Astor Piazzolla, yule mtunzi wa tango (muziki wa dansi wa Argentina), na hujui uanzie wapi, njia mbili hizi.

Kwanza Quinteto Astor Piazzolla, kundi la watu watano wa Buenos Aires. Hawa wako chini ya taasisi ya mjane wake, Laura Escalada, na wanapiga vilevile mzee alivyopanga kundi lake la mwaka 1960, yaani bandoneoni (ndugu yake akodiani ile ya kwenye taarab), violini, piano, besi kubwa na gitaa la umeme, na hilo gitaa ndo lilowaudhi watu wa tango la zamani mpaka wakasema hii siyo tango kabisa. Mwaka 2019 wakabeba Grammy ya Latini. Ukiwasikiliza unahisi jasho, bandoneoni inahema kama mtu, violini inakwaruza makusudi, na hakuna anayejaribu kulainisha kitu.

Halafu kuna Gidon Kremer, mpiga violini wa Latvia. Yeye alitoka upande wa klasiki, akachukua Misimu Minne ya Buenos Aires ya Piazzolla akaichanganya na Misimu Minne ya Vivaldi, mtunzi wa klasiki wa zamani, kwa mpangilio wa mtunzi Leonid Desyatnikov, ala za nyuzi tu bila bandoneoni. Ni tamu sana, na imemfikisha Piazzolla kwenye kumbi ambazo zisingemwita.

Ila mi nabaki na Quinteto. Piazzolla mwenyewe alikuwa anapiga bandoneoni, sasa ukiitoa hiyo mi naona umetoa sauti yake. Kremer msikilize baadaye, ukishaizoea ile pumzi.