Kozi ya kanzidata hapa Arua: nimejifunza, lakini hasira haijaniisha

Nauza vitenge kwa jumla hapa Arua, Uganda. Wateja wangu wengi wanavuka kutoka Ariwara, Kongo, wengine wanatoka Yei, Sudan Kusini, na daftari la madeni lilikuwa limeshanishinda. Mwaka jana, mvua zilipoanza, nikaona tangazo la kozi ya jioni ya misingi ya kanzidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa kwenye kompyuta, kwa wafanyabiashara. Nikalipa ada yote siku hiyohiyo.

Wiki za mwanzo sina neno. Wateja wawe na jedwali lao, bidhaa lao, mauzo lao, kisha yaunganishwe. Mwalimu akatueleza kwamba wazo hilo aliliandika Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970. Nilisikiliza kwa raha kabisa.

Ikaja siku ya ufunguo msingi, yaani kile kinachomtofautisha mteja mmoja na mwingine. Akaandika ubaoni: namba ya simu. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, watu wangu wa Ariwara wana laini mbili, ya Kongo na ya Uganda, na wanazibadilisha kila mara. Akitupa laini, deni lake nitalikuta wapi?"

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala. "Mama, hapa si sokoni. Andika kilichoko ubaoni."

Darasa zima likacheka. Watoto wa rika la kitinda mimba wangu!

Swali langu lilikuwa na kosa gani? Nina akina Hassan wawili daftarini. Niliwahi kumdai mmoja 340,000 za mwenzake, na tangu siku hiyo hajakanyaga dukani kwangu. Hayo ndiyo yaliyonipeleka darasani. Mwalimu wa biashara asiyetaka kusikia habari za soko anamfundisha nani?

Msiende pale. Hivyo ndivyo nilivyokusudia kuandika.

Lakini kuna kijana msaidizi, yule anayewasha kompyuta na kufunga milango. Jioni ile alinifuata ngazini, akachora nyuma ya risiti yangu ya ada. "Mama, kila mteja mpe namba yako wewe, 1, 2, 3, isiyobadilika hata akihama nchi. Simu ziwekee jedwali la pembeni, lenye namba ya mteja kila mstari. Hata akiwa na laini tano, ni yuleyule." Dakika kumi hazikufika. Risiti ile ninayo mpaka leo, imebandikwa juu ya meza ya duka.

Juzi mteja wa Yei kaja na laini mpya. Nikaongeza mstari mmoja tu, deni lake likabaki palepale kwa jina lake, na akalipa.

Kwa hiyo kozi ni nzuri? Masomo, ndiyo. Ila nikikumbuka kile kicheko natamani wanirudishie ada, na nusu yake nimpe yule kijana. Mkienda, ulizeni kwanza kama bado yupo. Kama hayupo, msilipe.