Chokaa ya Koru kwa kuta na nguzo za lango za mawe: nzuri, ukichukua mfuko ulio sahihi

Mwenye ukuta wa zamani wa mawe kati ya Njoro na Molo akiona viungo kati ya mawe vimekatika, hukimbilia simiti. Hapo ndipo ukuta unapoharibika. Jiwe letu la volkano ni laini na lina vitundu, na simiti ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu. Maji yanatafuta njia kwenye jiwe, uso wake unabambuka, simiti inabaki imechomoza. Simiti ya Portland, ndiyo simiti ya kawaida ya leo, ilipata hataza (haki ya uvumbuzi) Uingereza mwaka 1824. Bustani za majumba ya huko zilizozungushiwa kuta kabla ya hapo zilishikwa kwa chokaa, na nyingi bado zimesimama.

Chokaa iliyozimwa, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa kisha yakatiwa maji, inayotoka Koru, Kenya, chini ya vilima vya Tinderet, inafanya kazi hiyo vizuri. Ni nyeupe, laini, na ikilowekwa kwenye pipa usiku kucha inakuwa rojo linaloshikana na mwiko.

Lakini angalia mfuko! Chokaa ya shambani, ile ya kupunguza asidi ya udongo, ni mawe yaliyosagwa tu, haishiki kamwe. Hata iliyozimwa ikikaa dukani imefunguka hurudi kuwa jiwe la unga. Dondosha siki kidogo: ikitoa povu jingi, usinunue.

Changanya debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga mkali (wa punje zenye kona) uliooshwa. Chimbua kiungo kina cha milimita 25 kwa patasi, usitumie grainda. Lowesha mawe, jaza kwa tabaka, kisha funika kwa magunia mabichi siku saba. Rojo likipigwa na jua la mchana siku ya kwanza, linapasuka na kuwa vumbi, maana chokaa hugumu polepole kwa kuvuta hewa ukaa. Vaa miwani na glavu, inachoma macho.

Udhaifu wake ni msingi wa nguzo penye maji: hapo haigandi. Kwenye mchanganyiko huo ongeza nusu debe ya unga wa tofali lililochomwa.

Na kwenye nguzo zenye tufe au nanasi la jiwe juu, mtindo wa malango ya Kiingereza, chokaa haitasaidia ikiwa ndani kuna chuma cha kawaida. Kutu huvimba na kulipasua jiwe. Kitoe, weka chuma kisichoshika kutu, ndipo ujaze.